Walioonja Kabla Yetu

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2017, siku tano baada ya kutimia mwaka mmoja tangu mume wangu afariki, binti yangu Solange alinivua kitambaa cheusi kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akanifunga kingine cha rangi ya udongo, akaniambia kwamba siku hiyo sitapika. Alikuwa ameweka nafasi katika mkahawa wa Kifaransa, upande wa kaskazini wa Johannesburg. Si wa kuiga, alinihakikishia. Mwenye mkahawa ni Mfaransa, mkate wanauoka mle mle ndani, na vyakula vya siku huandikwa kwa chaki ubaoni. Tulitoka nyumbani kwetu Bellevue saa sita mchana. Maua ya mijakaranda yalikuwa yameanza kuifunika lami, na kila teksi yetu iliposimama kwenye taa za barabarani, ambazo hapa huitwa roboti, Solange aligeuka kunitazama, kama mtu anayebeba zawadi na kuogopa kwamba itafunguka njiani.

Zawadi yenyewe ilikuwa baba yangu. Tangu akiwa mdogo, Solange alikuwa akisimuliwa na marehemu mume wangu kwamba babu yake mzaa mama alikuwa mpishi katika mkahawa wa Wafaransa kule Lubumbashi. Mume wangu aliyapata hayo kwangu. Niliyasema mwaka 1980, siku ya posa, mbele ya wajomba zake, na wakati huo sikuwa ninasema uongo, kwa maana niliyaamini.

Harufu ilitupokea mlangoni kabla ya mhudumu. Ilikuwa harufu ya siagi iliyoyeyuka, ya divai iliyochemka hadi ikakaribia kukauka, ya vitunguu na ya majani fulani makavu ambayo hadi leo sijui jina lake kwa Kiswahili. Nilishika mgongo wa kiti. Solange huelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na Kiingereza chake nimekigeuza humu kwa ajili ya msomaji. Alinionyesha ubao.

"Mama, kati ya hivi, kipi Babu alikipika vizuri kuliko vyote?"

Nilinyoosha kidole, nikasema ni bata. Sikubahatisha. Mfupa wa paja la bata yule niliujua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yetu ya zamani.

Mhudumu alikuwa amenisikia nikisema. "Mama, uko wa kwetu?"

"Wa Lubumbashi."

"Mimi wa Likasi. Basi leo mutakula kama bakubwa." Solange alipomweleza habari za babu yake, kijana yule alishusha sauti. "Mpishi wa Bafaransa, muzima? Basi, Mama, ukiona mchuzi hauko sawa, usiniambie mimi. Mwambie patron, mwenye mukahawa, mimi niko na batoto."

Tulicheka. Bata aliletwa, ngozi yake ikiwa imekauka vizuri, nyama ikiachana na mfupa kwa kuguswa tu. Ulimi wangu uliitambua mara moja, kisha ukasita. Nyama ile sikuwahi kuila ikiwa ya moto. Wala sikuwahi kuila ikiwa nzima. Nilikula nusu, nikaweka uma chini, na kijana wa Likasi akarudi akiwa na kisanduku cha karatasi.

"Nikufungie yenye imebakia, Mama? Hapa banaita mufuko ya imbwa. Lakini hapana ya imbwa, ni yako. Hata matajiri banabeba."

Nilisema hapana. Nilisema kwa sauti ambayo iliwageuza watu wa meza tatu, na kijana akarudi nyuma hatua moja, na Solange akaniangalia kama aliyepigwa kofi.

Mimi ni mtu wa tarehe. Nilianza kujifunza kusoma Jumatatu, tarehe 4 Februari 1991, katika ukumbi wa kanisa, nikiwa mwanamke mwenye mume na mwenye nywele mbili tatu nyeupe, na tangu siku hiyo sijaliacha jambo lipite bila kuliandikia siku yake. Lakini haya ninayotaka kuyasimulia hayana tarehe, kwa sababu yalitokea kabla sijajua kwamba siku zina namba. Hata ile siku ya kuzaliwa iliyomo katika pasi yangu niliichagua mwenyewe, mbele ya karani aliyechoka kunisubiri. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya yalikuwa hayajaota.

Tulikuwa tukikaa Katuba, mtaa mmoja wa Lubumbashi. Baba alifanya kazi mjini, katika mkahawa wa Mfaransa mmoja na mkewe, na mkahawa huo ulifungwa kwa saa chache kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Saa kumi alasiri tulisikia kengele ya baiskeli yake. Kwenye mpini alitundika kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, na mimi na kaka zangu wawili wadogo tulilikimbilia kopo kabla ya kumwamkia mwenye kopo. Kifuniko kilipotoka, ilitoka ile harufu. Ndani mlikuwa na paja la bata, vipande vya ng'ombe vilivyolala katika mchuzi mweusi, viazi vilivyokaangwa kwa siagi, ncha za mikate mirefu, na wakati mwingine jibini, ambayo tuliidhania kuwa sabuni iliyooza na tukawarushia kuku.

Mama hakula chakula cha kopo hata siku moja. Alisema tumbo lake halipatani na mafuta ya Wazungu. Aliketi kando na ugali wake na sombe yake, yaani kisamvu, akitazama kwingine, nami nilimwona kuwa mtu asiye na shukrani.

Siku moja niliona alama. Katika kipande cha nyama mlikuwa na nusu duara, safi, yenye vijino vidogo pembeni, na kwa kuwa mambo ya meno yalinishughulisha sana wakati ule, niliitambua mara moja.

"Papa, nani ameuma hii?"

Baba alikuwa akifungua kamba za viatu. Aliendelea kuzifungua kwa muda mrefu kuliko kamba zilivyohitaji.

"Mgeni akifika kwetu," alisema mwishowe, "tukimpa munkoyo, nani anakunywa wa kwanza?"

"Mwenye nyumba."

"Kwa nini?"

"Ili mgeni ajue hakuna sumu."

"Njo vile," Baba alisema, yaani ndivyo hivyo. "Wale ni watu wenye adabu."

Yeyote aliyelelewa kwetu ataelewa kwa nini sikuuliza swali la pili. Munkoyo ulikuwa kinywaji chetu cha mahindi, na kibuyu chake hakikumfikia mgeni kabla mwenyeji hajaonja mbele ya macho yake; kumpa mtu kinywaji ambacho hujakionja ni kumtukana. Basi Wazungu wa mjini, ambao hawakunijua hata kwa sura, walikuwa wakiinama juu ya chakula chetu kila mchana, wanauma kidogo, wanahakikisha, kisha wanatutumia. Hakuna jambo katika utoto wangu lililonifanya nitembee nimenyoosha shingo kama hilo.

Nikaanza kuwatambua mmoja mmoja. Kulikuwa na Bwana Pengo, ambaye alama yake iliacha ukuta mwembamba wa nyama katikati. Kulikuwa na mwingine ambaye aliondoa mafuta yote na kutuachia, nikaamini kwamba anajua tunayapenda. Niliyempenda kuliko wote alikuwa Mama Mdomo Mwekundu, aliyeonja mikate, na kila alipoonja aliacha rangi. Kipande chake sikumgawia mtu. Katika sala ya jioni niliwaombea wote watatu, na Mama akaniamuru niombee ndugu zangu, basi.

Ngalula, binti wa jirani, hakuniamini.

"Wazungu wakuonjee wewe? Kwani baba yako ni chifu?"

"Amepita chifu. Chifu anaonjewa na watu weusi."

"Hata mavi ya kuku wanaweza kukuonjea basi."

Tulipigana kwa ajili hiyo, nikarudi na gauni lililochanika, nami nilijihesabu mshindi.

Mwaka ule nilikuwa niingie shule. Mama alikuwa amekwisha kununua kitambaa cha bluu cha sketi na kukiweka chini ya godoro. Shule ya misheni iliwataka watoto ambao hawakuandikishwa popote walete karatasi ya mwajiri wa baba, inayosema kwamba mtoto ni wa fulani na ana umri wa kadiri fulani. Bila karatasi hiyo hakuna dawati. Madame, mke wa yule Mfaransa, alikuwa amekubali kuiandika, lakini alitaka kwanza kumwona mtoto mwenyewe.

Baba alinipeleka asubuhi, kwenye fremu ya baiskeli, nikiwa nimepakwa mafuta hadi nyuma ya masikio. Njia nzima alinifundisha. "Utasema bonjour, Madame. Halafu utasema merci, Madame. Halafu unanyamaza."

"Nikiulizwa?"

"Unajibu. Halafu unanyamaza."

Tuliingia kwa mlango wa nyuma. Uani, karibu na bomba, walikuwa wamefungwa mbwa wawili wakubwa, wanene kiasi kwamba hawakujisumbua kubweka. Nilitaka kuwatazama, Baba akanivuta mkono. Jikoni aliniacha karibu na meza, akavaa aproni, akazamisha mikono katika karai la maji ya sabuni lililojaa sahani. Nilidhani ananawa, kama mpishi safi anavyopaswa kunawa. Nilidhani sahani zote zile ni zake.

Madame alikuja akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye uso wa uchovu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuagizia kazi.

"Ni huyu? Wewe napenda kusoma?"

"Ndiyo, Madame."

"Nasoma kabisa? Hapana kucheza-cheza?"

"Ndiyo, Madame. Merci, Madame."

Alicheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri. Alitoa karatasi, akaiweka mezani, akamuuliza Baba jina langu, na Baba akalitamka polepole, silabi kwa silabi, huku maji yakimchuruzika viwikoni. Kalamu ilianza kutembea. Sikuwahi kumwona mtu akiliandika jina langu. Furaha iliyonijaa ilikuwa kubwa mno kwa neno moja la Kifaransa, nikaona kwamba nitakuwa mtoto asiye na adabu nisipotoa shukrani niliyokuwa nimeitunza kwa muda wote ule.

"Madame, aksanti sana kwa kutuonjea nyama."

Alimtazama Baba. "Nasema nini?"

"Nyama ya ku kopo," nilimsaidia. "Na mkate. Wazungu wanauma kwanza, ili tujue hakuna sumu."

Kalamu ilisimama. Maneno mengine huenda yalimpita, lakini sumu alilijua. Ilikuwa ghalani mwake, kwa ajili ya panya.

"Sumu gani? Nani nasema sumu hapa kwangu?"

Baba alitoa mikono majini. Kuanzia hapo walizungumza Kifaransa, nami sikuambulia kitu. Yeye aliuliza, Baba alijibu kwa ufupi, akaulizwa tena, akajibu tena. Madame alielekeza kalamu kwenye mlango wa uani, na neno moja likajirudia mdomoni mwake mara tatu au nne, fupi, lenye kuishia puani. Hasira yake kisha ikapoa ghafla, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alinitazama mimi, akamtazama Baba, akamwambia sentensi moja kwa utulivu. Akairudia. Kisha akasubiri, kalamu ikiwa bado juu ya karatasi.

Baba alinigeukia. Alifungua mdomo. Nilifikiri amesahau alichotaka kusema, nikamtabasamia kwa pengo langu lote ili kumpa moyo. Mdomo wake ulijifunga. Alifungua mkanda wa aproni, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaiweka mezani kando ya karatasi. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja wa wino. Hadi leo sijui kama jina langu lilikuwa limefika mwisho.

Tulirudi Katuba kwa miguu, yeye akiisukuma baiskeli. Sikuthubutu kuuliza. Niliamini kwamba nimeitamka vibaya merci, na njia nzima niliirudia kimoyomoyo, nikiinyoosha. Niliendelea kuirudia kwa miezi. Septemba ilipofika, Ngalula alipita mbele ya mlango wetu akiwa na sketi mpya, na Mama akakitoa kitambaa cha bluu chini ya godoro akakishona pazia. Baba alipata kazi ya kupakua mizigo stesheni. Kopo likawa la chumvi. Hakunilaumu kwa neno wala kwa jicho, na mwaka uliofuata hakulitaja jambo la shule, wala ule mwingine. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Aprili 1983. Niliisoma tarehe hiyo kwenye msalaba wa kaburi lake miaka minane baadaye, nilipoweza kusoma.

Ni katika ule ukumbi wa kanisa, wiki ya sita ya masomo, ndipo mwalimu alipotuanzishia Kifaransa cha picha. Alichora mbwa ubaoni, mbaya, mwenye miguu mitano kwa makosa, watu wakacheka, kisha akalitamka jina lake: chien. Fupi, lenye kuishia puani. Wenzangu waliendelea kucheka. Mimi nilifunga daftari nikaenda kwa Mama.

Nilimkuta akichambua maharagwe. Nilimuuliza Madame alimwambia Baba nini siku ile, naye hakuuliza siku ipi.

"Alimuambia, mwambie mtoto wako hapa mbele yangu, kwa Kiswahili, nisikie, kwamba ile ni chakula ya imbwa zangu, na wewe unaiiba. Ukimwambia, naandika karatasi, na kazi yako inabakia."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Kumbe angesema, ningesoma."

"Ungesoma." Alitupa jiwe dogo alilolipata katikati ya maharagwe. "Tangu kopo ya kwanza nilimuambia, hawa batoto waambie kweli, wakule wakijua. Akasema, wakikomaa."

"Lakini mpishi mzima, Mama, angepata mkahawa mwingine."

Aliacha kuchambua. "Mpishi nani? Baba yako alikuwa anaosha sahani."

Nimewahi kuwasikia watu wakisifu mambo ya namna hii. Nadhani mtu mwingine angeandika hapa kwamba baba yake alimpa heshima iliyo bora kuliko shule. Mimi nimejaribu kuliandika hilo mara nyingi, na kila mara nimelifuta. Ilikuwa sentensi moja. Ningelia hadi jioni, na kesho yake ningelikimbilia kopo vilevile, kwa kuwa bata alikuwa mtamu. Mtoto ana njaa kabla hajawa na haya. Haya zilikuwa za Baba, akazilipa kwa kalamu yangu. Zaidi ya miaka ishirini nilitia kidole gumba kwenye wino mbele ya makarani. Nilimezesha mtoto wangu wa kwanza dawa ya kupaka, kwa kuwa chupa zilifanana, na mtoto huyo hakuishi. Hilo sikuwahi kumwambia Baba, na sasa ninaona kwamba na mimi nilimficha. Nampenda bado. Ninamkasirikia kila siku, na hayupo wa kunijibu.

Na baada ya kuyajua yote hayo, nilifanya nini? Nilirudi nyumbani, mume wangu akauliza mbona nimelia, nikasema ni vitunguu. Mpishi alibaki mpishi. Tulipofika Johannesburg mwaka 1996, Solange akiwa na miaka miwili mgongoni kwangu, mpishi alikuja nasi. Katika chumba kimoja cha Hillbrow, ambako mume wangu alilinda milango ya wengine, palihitajika mtu mmoja wa ukoo aliyewahi kuwa na cheo, na mtoto akalala akisimuliwa michuzi ya babu. Hata hospitalini, wiki moja kabla hajafariki, mume wangu alinishika mkono akasema, nikipona, nitapika kile cha baba yako. Nilikuwa na nafasi. Nilimfunika miguu.

Ndiyo sababu pale mkahawani, watu walipokuwa wametugeukia na kijana wa Likasi ameganda na kisanduku chake, nilijua sawasawa jambo lililohitajika. Bata alikuwa amepoa. Solange alikuwa ameinamia kitambaa cha meza, akikikunja ncha. Alikuwa amenipangia siku hiyo tangu Agosti. Alipoinua uso, alizungumza Kiswahili, jambo analolifanya kwa nadra na kwa woga, akichagua kila neno.

"Mama, mimi nimekukosea wapi?"

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, machache, na yangemtoa lawama papo hapo.

"Hujanikosea," nilisema. "Ni kichwa kinauma."

Aliita gari. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena habari za babu yake, wala hajanipeleka kula popote. Anaamini kwamba aliniharibia siku ya kutoka matangani, na anaomba radhi kwa vitu vidogo ambavyo havihitaji radhi. Haya nimeyaandika mwaka 2019, kwa muda wa majuma matatu, kwenye meza anayopitia kila asubuhi akienda kazini. Sikuyaficha. Daftari hubaki wazi. Shule za hapa zilimfundisha kusoma Kiingereza na Kizulu, na Kiswahili anakijua kwa masikio tu; kikiwa kimeandikwa, hajawahi kujaribu kukisoma.